Ukurasa wa Chumvi

Siwema aliingia mbio, mkoba wa shule ukimruka mgongoni. "Leo tumefika ukurasa mpya!"

Bibi yake, mama yangu mzazi, akaacha kuchambua mchele. Katika nyumba yenye mtoto wa darasa la kwanza, watu wazima husema yale maneno tu ambayo mtoto ameshayasoma kitabuni. Ukijaribu jingine, kidani cha shingoni kinaimeza sauti yako. Wiki nzima tulikuwa tunaishi kwa "mama", "maji", "kuku" na "ndiyo".

Siwema akaweka kidole kitabuni. "Chu... mvi. Chumvi!"

Vidani vyetu vikalia: neno limefunguliwa. Bibi, aliyekuwa akinikunjia uso kila nikimpakulia mboga bila kuweza kusema imekosa nini, aliruka kama msichana.

"Chumvi!" akapiga kelele. "Chumvi, mama, chumvi!"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Tuliinyunyizia mboga chumvi, tukaliimba lile neno, Siwema akipiga ngoma kwenye sufuria.

Kisha akanishika mkono. Watoto hawavai vidani; wao huuliza chochote.

"Mama, baba atarudi?"

Baba yake ana mke mwingine huko mjini Mpanda, na harudi. Ningeweza kutikisa kichwa kukataa. Lakini jinsi alivyokuwa amechangamka!

"Ndiyo," nikasema.

Akanikumbatia kwa nguvu, akafunua ukurasa wa kesho ili anionyeshe kwamba anaweza kuusoma hata kabla ya mwalimu. Neno la kwanza nililiona kabla yake: hapana.

"Ha," akasoma, macho yaking'aa. "Pa..."