Sura ya Kumbukumbu

Nestori aliimalizia sentensi kabla Séverine hajaitafsiri.

Ndiyo kwanza walikuwa wameifungua sura hiyo. Séverine alikuwa akisoma Kifaransa taratibu, akigeuza kila mstari kwa lugha ya nyumbani ili Nestori, mgonjwa wake, aelewe. "Mtu hubaki kuwa yule yule," alisema, "si kwa mwili wake, bali..."

"Bali kwa yale anayoyakumbuka," Nestori alidakia huku akipukuchua mahindi. Kisha akashtuka. "Shemeji, hayo nimeyajulia wapi?"

Séverine alifunga kitabu. "Yatakuja mengine," alisema. "Tusiyakimbize."

Kitabu hicho kisicho na jalada kilikuwa cha marehemu mumewe, aliyefundisha falsafa seminarini huko Burundi hadi alipouawa, vita vilipoanza mwaka 1993. Séverine alikimbia na nguo alizovaa na kitabu hicho. Alifikia Katumba, makazi ya wakimbizi huko Tanzania, kwa mjomba wake Salvatori, mkimbizi wa tangu mwaka wa sabini na mbili.

Mwaka uliofuata alikwenda hospitali Mpanda kumjulia hali jirani. Kwenye kitanda cha pili alilala kijana mwenye kovu kubwa kichwani. Wavuvi wa Karema walikuwa wamemwokota ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hajui jina lake wala kwao. Séverine alisimama miguuni pa kitanda kile muda mrefu, hata akamsahau jirani.

"Huyu ni Nestori," alimwambia muuguzi. "Mdogo wake marehemu mume wangu."

Akamchukua. Alimlisha uji kwa kijiko hadi mikono yake ilipopata nguvu. Akamkatia fimbo ya kutembelea, akamfulia mashuka, na kila mchana, jua lilipokuwa kali mno kwa kulima, wakasoma. Sura ya kumbukumbu waliirudia mpaka kurasa zikalegea. Humo mwandishi alidai kwamba asiyekumbuka kabisa tendo, hata kama mikono iliyolitenda ni yake, siye aliyelitenda. Kumwadhibu ni kumwadhibu mtu mwingine.

Maneno hayo yalimfariji Nestori. "Kwa hiyo kama kuna ubaya nilioufanya huko, si wangu?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na wewe unaamini?"

Séverine aligeukia dirishani. "Nimejitahidi nisiamini. Nimeshindwa."

Mzee Salvatori hakupenda masomo hayo. Jioni moja alimfuata mpwa wake jikoni. "Mwanangu, mwache kijana wa watu. Kusahau vita ni bahati. Mimi naitafuta bahati hiyo tangu zamani, siipati."

"Hapana, mjomba. Lazima akumbuke."

"Kwa faida ya nani?"

Séverine alichochea moto.

Mvua za kwanza zilipoanza, mzee alikwenda shambani kupanda. Wao wawili walibaki ndani. Séverine hakuwa amemaliza hata ukurasa mmoja Nestori alipojishika kichwa.

"Nimemwona kaka," alisema.

"Wapi?"

"Darajani. Amepiga magoti. Miwani yake imeanguka, anaipapasa kwenye matope." Jasho lilimtiririka. "Tumemzunguka. Watu ni wengi, lakini ananitazama mimi tu. Ananiita."

"Anakuitaje?"

Mvua ilipiga bati. Nestori alitikisa kichwa kama mtu anayekataa kunywa dawa.

"Anakuitaje?" Séverine alirudia, kwa upole.

"Aristide. Anasema, Aristide, wewe ni mwanafunzi wangu, umekula nyumbani kwangu." Aliigeuza mikono yake, akaitazama. "Shemeji, yule hakuwa kaka yangu."

"Alikuwa nani?"

"Alikuwa mwalimu. Wenzangu walisita. Mimi sikusita."

"Na Aristide ni nani?"

"Ni mimi," alisema, akaanguka mkekani akilia. "Mungu wangu, ni mimi."

Séverine alipiga magoti, akamfuta jasho kwa upindo wa kanga. Akamwacha alie mpaka pumzi ikamtulia. Kisha akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akavuta panga kutoka chini ya kitanda.

"Asante, Aristide," alisema. "Mwaka mzima, tangu nilipokutambua hospitalini, nimekuwa nikimwogopa Mungu, nisije nikamuua mtu asiye na kosa."