Kiganja cha Wayua

Mchongaji alipotokea kwenye shuka nyeupe, Wayua aliacha kusinzia.

Padre alikuwa akiwaonyesha waumini wa Ziwani, kwa projekta, picha za kwao Amiens, huko Ufaransa. Walishaona mifereji, mashua za mboga na kanisa refu ajabu. Sasa akaja mchongaji huyo, mtu mdogo wa mbao, nyundo mkononi, amechongwa kwenye kiti cha kanisa hilo.

Wayua ndiye aliyepiga msasa vinyago vyote vya mumewe. Hakuwahi kuona mbao laini namna ile.

“Padre, huyo alipigwa msasa na nani?”

“Hakuna, mama. Ni viganja vya watu waliokaa hapo wakisali. Karibu miaka mia tano.”

Wayua akavitazama viganja vyake, vilivyolika hadi mistari ikafutika. Akainuka, akaenda mbele, akakinga kimoja kwenye mwanga. Mchongaji akatua humo, mzima.

“Mama, unatuziba,” mtu akanung’unika.

Padre akanyoosha mkono abadilishe picha.

“Ngoja kwanza, Padre,” Wayua akasema bila kuinua macho. “Acha na mimi nimguse.”