Mkaa Mkononi mwa Salha

Siku hizi mchoro humfuata aliyechorwa popote alipo: akinenepa unanenepa, akicheka unacheka. Ndiyo maana Zuwena, mke wa mchoraji Mbaruku, alimjua Salha kama dada yake, ingawa hawakuwahi kuonana. Mbaruku alimchora Salha kabla ya kuoa, akamtundika sebuleni. Salha mwenyewe akahama Tanga, wala haikujulikana alikokwenda.

Wivu ulimwisha Zuwena zamani. Kila asubuhi alimfuta vumbi akimtazama anachambua mchele au anasuka ukili. Alipomwona amekonda, alimwombea dua. Alipomwona kaanza kuvaa miwani, alicheka peke yake.

Leo kitambaa kilimponyoka. Mikono ya Salha mchoroni ilishika kipande cha mkaa, na juu ya mapaja yake palikuwa na karatasi.

"Baba Nuru! Njoo uone, Salha anachora!"

Mbaruku alifika na kikombe cha chai, akaduwaa. "Ya Rabi! Nilimchora mimi, kumbe naye anajua. Tena ananishinda! Anamchora nani?"

Wakasogea. Kwenye karatasi ya Salha alisimama mwanamke mwenye kovu juu ya nyusi, kitambaa kimemwangukia miguuni.

"Mama Nuru," Mbaruku alinong'ona, "huyu si wewe?"

Zuwena aliinua mkono polepole, akaligusa kovu lake. Kwenye karatasi, mwanamke yule naye akainua mkono, na Salha akamtazama Zuwena, akatabasamu.