Nguzo ya Mwisho

Lwitiko alizungusha winchi mara moja zaidi, akaugonga waya kwa kidole na kuusikiliza. Waya huo ulibeba mpira mkuu wa kupitishia ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, kutoka mlimani hadi kituo cha kuukusanyia. Ilibaki nguzo moja tu, ile iliyosimama kati ya nyumba yake na ya mama yake.

Sheria ilijulikana na wote. Mpira ukishakazwa, hakuna anayeuvuka mpaka msimu uishe, miezi mitano. Kila mtu hubaki upande aliouchagua.

“Baba, unapima mara ya tatu,” mama yake alisema kutoka ng'ambo, akipepeta mahindi. “Huo ni waya au gauni la harusi?”

“Ukilegea, ulanzi utatuama na kuchacha, mama.”

“Basi kaza.”

“Hamia huku kwanza. Mkweo anajifungua mwezi ujao. Nani atamkanda?”

“Na kuku wangu je? Na kaburi la baba yako? Hama wewe.”

Lwitiko alilegeza winchi meno mawili, akaandika kwenye daftari la kituo kwamba udongo wa nguzo haujashika, atamalizia kesho kabla mkaguzi hajapita. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuandika uongo humo.

Alipoinua kichwa, mama yake alikuwa ameleta kigoda karibu na waya, upande wake uleule. Alikaa, akainuka, akakisogeza kidogo kushoto, akakaa tena, akitafuta mahali atakapoweza kuuona mlango wa mkwewe.