Unyoya wa Kuku

Itto aligusa ua la mti wa mlozi kwa unyoya wa kuku, akahamia la pili, akahamia la tatu. Mti mmoja ulimchukua asubuhi nzima, naye alikuwa nayo kumi na tisa.

Zamani kazi hii ya kuchavusha waliifanya nyuki wa mwitu, wale wasio na mzinga wala mwenyewe. Walikuwa wengi hata Bassou, mwanawe wa pekee, utotoni alilala sikio kwenye ukuta wa udongo akisikiliza mvumo wao.

Miaka mitatu nyuma, kiangazi kikiisha, Bassou alioa. Itto alijifunga kibwebwe, akaukandika saruji ukuta wa udongo wa chumba cha maharusi, nje na ndani, mkamwana asije akasema kaolewa pangoni. Mwezi huohuo malisho ya kijiji yalizungushiwa ua, yakafunikwa paneli za jua. Milozi ilipochanua, hakuja nyuki hata mmoja. Na Bassou alikuwa amepata kazi ya kufuta vumbi kwenye paneli hizo.

"Umewauza nyuki wangu," Itto alimwambia. "Usikanyage hapa mpaka warudi."

Bassou alihama na mkewe, lakini kila Ijumaa alikuja akasimama mlangoni. Siku moja alileta kitawi kilichochanua cha zaatari, mmea wa harufu upendwao na nyuki.

"Mama, kule nyuki wapo. Mbuzi hawaingii siku hizi, zaatari imejaa tele chini ya paneli."

"Ehee! Kumbe wanakulipa mpaka kwa uongo?"

"Basi twende ukaone mwenyewe."

"Nikapige hodi kwa mwizi wangu? Nenda zako, Bassou."

Alifunga mlango. Ilimuuma, lakini alifunga. Ijumaa iliyofuata Bassou hakuja, wala ile nyingine. Jirani akaleta habari kwamba wamehamia mjini Agadir, na simu ya Bassou haikupatikana tena.

Mvua za mwaka huu zilikuwa kali. Jioni Itto alirudi kutoka shambani, unyoya mkononi, akakuta saruji ya nje ya chumba cha maharusi imebanduka, pande kubwa limelala chini. Aliinama kuzoa vifusi.

Ukuta wa udongo ulikuwa na matundu mamia kwa mamia, yanatosha ncha ya kidole. Katika kila tundu mlikuwa na nyuki mkavu, kichwa kimeelekea nje.