Kifuu cha Wali wa Nazi

Haya, sogeeni. Alikuwapo Paka mmoja, mlinzi wa ghala, na humo ghalani aliishi Panya Buku. Kila asubuhi Buku alimsukumia Paka kifuu cha wali wa nazi kupitia tundu la mlango, lile ambalo Paka alipitia kuingia kuwinda.

"Shikamoo, bibi. Wewe ni mtu mzima sasa, mawindo yatakuchosha. Kula."

Paka akala mpaka tumbo likaburuzika chini.

"Bado unapita kwenye tundu hili, bibi?" Buku akauliza siku moja.

"Kwa shida, mjukuu wangu."

"Basi kesho nitazidisha tui."

Paka akashtuka. Kumbe heshima yote ile ilikuwa kupimwa kiuno! Tangu siku hiyo wali akawaachia kuku. Yeye akashika dagaa wachache, kipande cha ini na maji safi, na harufu ya nazi ilipomwita alijikaza, akageuza uso. Buku alirudishiwa kifuu kitupu kila siku, akacheka kimoyomoyo.

Mwezi wa tatu tangu hapo, Buku akainama tena tunduni. "Bado unapita, bibi?"

Sauti ikamjibu kutoka nyuma ya mgongo wake: "Nimeshapita, mjukuu wangu. Na chakula cha leo nimekichagua mwenyewe."