Msonyo wa Bi Semeni

Asubuhi hiyo Bi Kidawa alijifunga kibwebwe, akavuka njia kwenda kumkabili jirani yake. Tangu Bi Semeni ahamie pale, kila Kidawa akipita na ndoo ya maji kutoka bombani husonywa. Na si msonyo wa bahati mbaya. Ni ule mrefu, wa kuvutwa, wa mtu aliyekupima akaona hufai.

Alimkuta kibarazani, shavu limevimba kama amebana ndimu.

"Wewe mwanamke, nimekukosea nini hata unisonye kila siku?"

Semeni alikodoa macho, kisha akaachama kumwonyesha jino la nyuma lililotoboka. "Shoga, ni jino hili! Nikila mihogo yangu ya asubuhi, nyuzi hunasa humu, lazima nizifyonze. Mie nilidhani wewe ndiye hunipendi, maana ukipita unabinua mdomo."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kidawa alimletea karafuu, akaitia kwenye lile tundu kwa mkono wake mwenyewe. Jioni Semeni akaenda kung'oa jino.

Kesho yake Kidawa alipita na ndoo. Semeni, pamba mdomoni, alimpungia mkono. Msonyo, hakuna. Kidawa akarudi nyuma, akapita tena polepole. Kimya.

Aliingia ndani, akaitua ndoo kwa kishindo mbele ya mumewe.

"Umeona dharau hiyo? Sasa hata msonyo ananinyima!"

Akayamwaga maji yote uani, akatoka na ndoo tupu kupita tena.